Ufilipino Niliyoikuta Makambako

Wenzangu wa stafu rum, tangu nirudi kutoka Iringa mmekuwa mkiniuliza mambo mawili kwa zamu. La kwanza, imekuwaje nafasi ya uwezeshaji wa kanda ikaenda kwa mtu mwingine wakati ninyi mlishaagiza keki. La pili, kwa nini nimechana notisi zangu za ubeberu wa Marekani, zile ambazo nusu yenu mlizinakili. Nimewajibu juujuu kwa sababu majibu yote mawili yako mahali pamoja, kando ya barabara kati ya Makambako na Mafinga, na habari ya namna hiyo haisimuliki kwenye chai ya saa nne huku kengele inasubiriwa. Nimeona niandike. Barua ya mwaliko, ruhusa na tiketi naziruka. Mnazijua, na hazina utamu wowote.

Mbalizi hadi Uyole

Nilipandia Mbalizi, kwenye basi lililotoka Tunduma, kabla jua halijatoka vizuri. Mkononi nilikuwa na faili la kahawia lenye notisi za mada ambayo ningeifundisha kama somo la mfano mbele ya walimu wenzangu wa Historia: kukua kwa ubeberu wa Marekani ng'ambo. Miaka kumi na minane nimeifundisha mada hiyo. Hawaii, Kuba, Puerto Rico, Guam, Ufilipino. Sababu, mbinu, matokeo. Ningeamshwa usingizini ningeweza kuitaja yote bila kukohoa. Wanafunzi wangu wanafaulu, nanyi mnajua, na sitaficha kwamba nilikuwa najivunia.

Kama kuna aliyesahau foleni ya Mwanjelwa hadi Uyole tangu waanze kupanua barabara, mimi sitaisahau tena. Malori ya Zambia mbele, malori ya Zambia nyuma, vumbi jekundu likiingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Tulikaa pale saa mbili nzima. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, anashukia Chimala. Alifungua hotipoti yake ya chapati, akanikatia nusu bila kuniuliza kama nataka.

"Unakwenda Iringa kwa mwanao?"

"Hapana mama, semina. Nakwenda kufundisha ubeberu wa Marekani."

Akatafuna kwanza. "Kwani Wamarekani wametufanya nini sisi?"

"Sisi hawakututawala. Walitawala visiwa vya mbali huko."

"Basi huo siyo wa kwetu," akasema, akajipangusa vidole kwenye kanga. "Wewe fundisha Wajerumani. Wajerumani ndio tunawajua."

Nilicheka, nikaona mama wa watu hajasoma. Nilipofika Iringa nilikuwa nimemkumbuka mara nyingi, na sikucheka tena. Maana swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuyatunga mimi.

Uyole hadi Makambako

Mlima Inyala tuliushuka polepole nyuma ya lori la mbolea, abiria wote kimya kama walio kanisani. Chimala yule mama akashuka na magunia yake. Igawa kwenye mizani tukasimama tena, safari hii bila sababu niliyoielewa, na dereva hakuona haja ya kutueleza. Tulipofika Makambako, saa ambayo nilitarajia kuwa nimeshakunywa chai Iringa mjini, upepo ulikuwa unavuma kwa namna ya Makambako, unaingia kwenye mikono ya sweta na kutokea shingoni.

Pale ndipo alipopanda. Sista mfupi, wa makamo, miwani, shela ya kijivu, na kikapu kilichofungwa kwa kamba ambacho ndani yake jogoo alikuwa ametoa kichwa na kuangalia watu. Konda akamwona usoni, akapaza sauti: "Mchina! Mchina aketi hapa mbele! Mchina, nihao!"

Basi zima likacheka. Kijana mmoja kiti cha nyuma akadakia, "Mwulizeni barabara ya Uyole inaisha lini!"

Sista akaweka kikapu chini, akawageukia abiria, akawasalimu kwa Kibena, "Kamwene."

Kikawa kicheko kingine, cha aina tofauti, na wazee wawili wa Kibena wakaitikia kwa furaha, "Kamwene, Sista!" Akaendelea kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Njombe kabisa: "Barabara mwulizeni mkandarasi. Mimi ni nesi. Na mimi siyo Mchina, natoka Ufilipino."

Akaja kuketi kando yangu.

Wenzangu, sijui niwaelezeje. Kwa miaka kumi na minane nimeandika neno hilo ubaoni, na chaki nikiipulizia vumbi. Ufilipino kwangu ilikuwa kipengele cha tano, baada ya Guam. Sikuwahi kufikiri kwamba ina watu wanaopanda basi na jogoo.

Makambako hadi Nyororo

Jina lake Sista Ligaya. Aliniambia maana yake ni furaha, na kule kijijini milimani alikokaa miaka ishirini na mitatu watoto walimwita Sista Furaha, likawa ndilo jina. Jogoo alikuwa zawadi ya kumuaga. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. "Nimewaambia jogoo hapandi ndege," akasema, "wakaniambia mbebe tu, huko mbele mtajuana."

Nami nikajitambulisha, Mwalimu Bupe wa Mbalizi, mwalimu wa Historia. Furaha ikanizidi. Nikafungua faili kama mtoto anayeonyesha ripoti, nikamwekea ukurasa mapajani. "Tazama Sista, nchi yako ipo hapa. Naifundisha kila mwaka."

Akarekebisha miwani, akasoma. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kidole kikafika kwenye sababu za Marekani kuichukua Ufilipino, kikapita masoko, kikapita malighafi, kikapita kituo cha meli za kwenda China, kikasimama kwenye (d).

"Mwalimu, hapa umeandika kwamba wenyeji walikuwa hawajawa tayari kujitawala."

"Ndiyo."

"Hii ni sababu, au ni kisingizio?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijawahi kufikiri hivyo, na huo ndio ungekuwa ukweli, kwa kuwa mstari ule niliunakili chuoni kutoka kitabu nisichokumbuka hata jalada lake. Badala yake nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wa kidato cha sita: "Ni pointi, Sista. Mtihani unataka pointi."

Akakunja karatasi kwa mkunjo wake wa zamani, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Tulikuwa tumeshatangaza uhuru," akasema. "Tulikuwa na bendera."

Halafu akageukia dirishani. Mashamba ya mahindi yakapita, mikaratusi ikapita, na mimi nilikaa na faili langu mapajani, masikio yanawaka moto.

Nyororo, pembeni mwa barabara

Kabla kidogo ya Nyororo injini ikatoa mlio kama wa kitambaa kinachochanika, moshi ukaingia mpaka viti vya katikati. Mkanda umekatika. Dereva akasema fundi anatoka Mafinga na nusu saa haitafika. Aliyezoea barabara hii anajua nusu saa ya dereva ni ngapi. Tukashuka wote.

Kina mama wa pale hawakuchelewa. Wakaja na viazi vya kuchemsha kwenye beseni, vimefunikwa nailoni ili visipoe, chumvi na pilipili pembeni, na ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye madumu. Wazee wetu wa Kibena wakachukua ule mkali. Sista akaulizia ule mtamu, togwa, uliogemwa asubuhi ileile, akanunua vikombe viwili, akaniletea kimoja. Tukaketi kwenye gogo, jogoo katikati yetu.

Nilikunywa nusu ndipo nikapata ujasiri. "Sista, nimekukosea. Nisamehe."

"Hujanikosea mimi," akasema. "Umemkosea babu yangu."

Haya ndiyo aliyonisimulia, nami nayaandika kwa kadiri ninavyokumbuka.

Kwao ni kisiwa kinaitwa Samar. Wafilipino walikuwa wamepigana na Wahispania mpaka wamewachosha, Wamarekani wakaja wakisema ni marafiki. Kisha Wahispania na Wamarekani wakaketi mezani Ulaya, na Wahispania wakaiuza nchi kwa Wamarekani kama mtu anavyouza shamba pamoja na mikorosho yake. Wenyewe hawakuulizwa. Ndipo vita vikaanza upya, na huyo rafiki. Huko Samar wanakijiji wa mji mmoja waliwashambulia askari wa Kimarekani waliokuwa wakiwatesa, wakawaua wengi. Kulipiza kisasi ikatoka amri kisiwa kizima kigeuzwe pori. Wanaume wauawe, na alipoulizwa kuanzia umri gani, mkubwa wa jeshi akajibu, kuanzia miaka kumi.

Mama mzazi wa huyo babu yake Sista aliitwa Basilia. Mumewe alikuwa ameshauawa. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka kumi na minne, mmoja wa kumi na moja.

"Yule mkubwa ndevu zilishaanza," Sista akasema, "sauti imeshavunjika. Hakuna namna ya kumficha. Akamwambia kimbia msituni. Hakufika msituni." Akanywa ulanzi kidogo. "Yule mdogo alikuwa mwembamba. Askari walipoingia ndani, mkalimani akauliza, huyu ana miaka mingapi? Basilia hakuweza kutoa sauti. Akainua vidole tisa. Askari akavihesabu, akamtazama mtoto, akatoka."

Huyo mtoto ndiye babu yake. Aliishi mpaka akazeeka, akaona wajukuu. Na mpaka anakufa, mtu akimwuliza, babu una miaka mingapi, alikuwa anainua vidole tisa. Wajukuu walicheka. Sista alisema alikuwa mtu mzima, yuko kwenye mafunzo ya utawa, siku alipoelewa walichokuwa wakikicheka.

Mama muuza viazi aliyekuwa amesimama kutusikiliza akaweka viazi viwili zaidi kwenye sahani ya Sista, akasema "pole," akaenda zake.

Fundi alifika tukiwa tumemaliza viazi vyote.

Mafinga hadi Iringa

Kutoka Mafinga misitu ya misindano inafuatana na barabara, ukungu umeshuka mpaka kwenye vigogo. Nikamwuliza lile ambalo kila mtu angemwuliza: basi nyumbani kwenu mnawachukia Wamarekani?

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Makambako. "Mwalimu, kaka yangu ni mpishi kwenye meli yao ya kivita. Mwaka wa ishirini sasa. Nyumba ya mama yetu imejengwa na mshahara huo. Shule niliyosoma waliianzisha wao. Tulifundishwa Kiingereza kwanza, na historia yao kabla ya yetu. Baba alikuwa anavaa kofia ya timu yao ya besiboli mpaka kanisani. Ukiniuliza nawachukia, nitakujibu nini?"

Akaeleza zaidi, na hapa ndipo palipochoma. Zahanati yao kule milimani ni ya dayosisi, dawa za virusi vya UKIMWI zinatoka serikalini, lakini wahudumu waliokuwa wakizunguka kijiji kwa kijiji, kuwatafuta walioacha dawa, kuwapima watoto, walikuwa wakilipwa na mradi wa fedha za Marekani. Mwaka jana ilikuja barua: kazi isimame. Isimame siku hiyohiyo.

"Wahudumu sita," Sista akasema. "Mmoja alikuwa njiani na pikipiki, amebeba majibu ya mtoto. Nikampigia simu arudi. Nilijua nikimwambia aendelee, akianguka na ile pikipiki hakuna wa kumtibu." Akafuta ukungu kwenye kioo cha dirisha. "Nikamkumbuka Basilia. Kule mezani walipokaa, hakuna aliyejua kuwa yupo. Na wale walioandika barua, hawakujua kwamba kuna mtoto na kuna pikipiki. Ndiyo maana shirika langu linaniita nyumbani. Kazi niliyokuwa nayo imekwisha."

Mimi nina mdogo wangu, Subilaga, mnamfahamu wengine, fundi cherehani pale sokoni Mbalizi. Ametumia dawa hizo miaka kumi na moja. Tulikuwa tunajua watu wawili tu, mama na mimi. Mwaka jana habari zile zilipotangazwa redioni nilimkuta mezani amemwaga vidonge kwenye sahani, anavihesabu kwa ncha ya mkasi, na nilipoingia akavifunika kwa kitambaa. Hatukuzungumza. Dawa hazikukatika, hospitali ya serikali inaendelea kuzitoa mpaka leo. Lakini sahani ile sikuisahau.

Nikamwambia Sista. Sikuwahi kumwambia mtu, nikamwambia yeye ndani ya basi, tukiteremka Tanangozi. Aliniuliza jambo moja tu: "Anakwenda kliniki na nani?"

"Peke yake. Ndivyo anavyotaka."

"Uliwahi kumwuliza?"

Sikujibu, maana sikuwahi.

Tuliingia Ipogolo jua linazama. Hosteli ya kanisa niliyopangiwa ilikuwa na nafasi, naye akachukua chumba, basi lake la Dar lilikuwa keshokutwa alfajiri. Jogoo alimkabidhi mama wa jikoni kwa sharti kwamba asichinjwe mpaka yeye Sista awe ameondoka mjini, asije akamsikia.

Tukila ugali na mboga ya maboga nikapata wazo ambalo niliona ni zuri mno. "Sista, njoo kwenye semina kesho mchana. Ukae mbele. Nikifika kwenye Ufilipino unasimama, unawaeleza habari za Basilia. Walimu arobaini! Hawatasahau maisha yao yote."

Akaweka tonge chini. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mwalimu Bupe," akasema, "mimi siyo kifaa cha kufundishia."

Mara ya pili kwa siku moja. Nikaomba radhi tena, naye akanisogezea mboga, akasema kitu nilichokitafakari kitandani mpaka usingizi ukanichukua: "Niliyokupa nimekupa. Ukiona inafaa, isimulie wewe. Lakini isimulie kama habari ya mtu, siyo kama pointi."

Kalenga

Asubuhi yeye ndiye aliyetaka twende Kalenga. Miaka yote amepita Iringa akienda na kurudi, hajawahi kufika. Tukachukua bajaji, tukateremka na barabara ya Ruaha, Sista ameshika miwani kwa mkono mmoja na bomba la bajaji kwa mwingine.

Jumba la makumbusho lenyewe ni dogo. Aliyetupokea ni dada mmoja wa Kihehe, mchangamfu, aliyezoea wanafunzi. Chifu yule wa Wahehe sina haja ya kumtaja, kila aliyesoma darasa la nne anamjua: aliyepigana na Wajerumani, na alipoona wanamkaribia akajiua asishikwe hai, nao wakakata kichwa chake wakakipeleka kwao. Fuvu lilirudi miaka ya hamsini. Liko pale, ndani ya kioo, na nyumba haina kelele.

Dada akaeleza, akafika kwenye mwaka wa kifo: elfu moja mia nane tisini na nane.

"Mwaka huohuo," Sista akasema.

"Mwaka huohuo nini, Sista?"

"Mwaka huohuo sisi tuliuzwa. Wahispania walituuza kwa Wamarekani."

Dada akamtazama, akatazama kioo. "Kumbe mwaka ule dunia ilikuwa na kazi nyingi," akasema.

Nimefundisha tarehe zote mbili. Moja kidato cha tatu, nyingine kidato cha sita. Hazijawahi kukutana kichwani mwangu, kwa kuwa hazikuwa kwenye faili moja.

Sista akamsimulia yule dada kwamba na kwao, kwenye kisiwa chao, askari waliondoka na kengele za kanisa kama nyara, na zimerudi miaka michache tu iliyopita, baada ya zaidi ya miaka mia. Alikuwa likizo nyumbani. Watu walikwenda kutoka kisiwa kizima. Vikongwe ambao hata hawakuzaliwa zilipochukuliwa walizigusa na kulia.

"Hapa pia wazee walilia," dada akasema. "Bibi yangu alikuwepo. Aliniambia walilia, halafu wakaanza kubishana kama kweli ni lenyewe."

Tukacheka wote watatu mbele ya fuvu, kisha tukaona aibu, kisha tukacheka tena kidogo. Sista akapiga ishara ya msalaba. Alisimama pale muda mrefu kuliko mgeni yeyote ninayeweza kumfikiria, na sisi wawili tukatoka nje tukamwacha.

Semina

Sasa mnapotaka kujua. Walimu arobaini wanajifanya wanafunzi wa kidato cha sita, wanaume wenye vipara wananyoosha vidole wakiita "Madam! Madam!" Mwezeshaji mkuu, Mwalimu Mgaya, ameketi nyuma na fomu ya tathmini. Nikaandika mada ubaoni. Faili lilikuwa mezani, nimelifungua kabisa. Nikaliangalia lile (d).

Nikalifunga. Nikasema, "Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Basilia."

Nilisimulia yote. Bendera, meza ya Ulaya, amri ya miaka kumi, kijana wa miaka kumi na minne ambaye hakufika msituni. Nilipoinua vidole tisa hapakuwa na aliyekohoa. Kisha nikawaambia kwamba kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikiandika ubaoni, kama sababu, kitu ambacho wavamizi wenyewe walikitunga ili walale usingizi.

Mwalimu mmoja kijana akanyoosha mkono. "Madam, hii tuiandike wapi, kwenye sababu au kwenye matokeo?"

Wakacheka, nami nikacheka, maana lilikuwa swali la haki. Lakini mzee mmoja wa Kilolo, mwalimu anayekaribia kustaafu, hakucheka. Akauliza bila kunyoosha mkono: "Mwalimu, wewe mwenyewe unawachukia Wamarekani?"

Nikaiona ile sahani ya vidonge. Jibu nilikuwa nalo, lote, lingewanyamazisha zaidi ya Basilia. Lakini halikuwa langu kulitoa. Nikaiweka chaki juu ya faili.

"Sijui," nikasema. Sidhani kama niliwahi kulisema neno hilo nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Mwalimu Mgaya aliniita baadaye pembeni, kwa upole. "Somo limenigusa, Mwalimu Bupe. Nasema kweli. Lakini mwanafunzi akiingia kwenye mtihani na Basilia, atapata maksi ngapi?"

"Akiingia na lile nililokuwa namwandikia, atapata maksi, na atakuwa amedanganywa."

"Ni kweli," akasema, akakunja fomu. "Ni kweli. Lakini mtihani upo."

Nafasi ya uwezeshaji akapewa mwalimu wa Njombe, aliyekuja na pointi saba na chati ya rangi. Alifundisha vizuri. Sina kinyongo naye, na ile keki naomba muile bila kunisubiri.

Sista aliondoka alfajiri iliyofuata. Nilimsindikiza mpaka mlango wa basi. Aliniambia "kamwene" badala ya kwaheri, na konda wa basi la Dar akapaza sauti, "Mchina apite!" Akanigeukia, akainua mabega, akapanda.

Kurudi

Barabara ya kurudi ilikuwa nyepesi, sina la kuisimulia, ila mvua ya Igawa. Notisi nilizichana Chimala, basi lilipokuwa linashusha abiria, nikazitia kwenye pipa la taka.

Jioni ile nilimkuta Subilaga anapiga pasi gauni la harusi la mteja. Nilikaa kwenye kibao nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi, hadi swali la mzee wa Kilolo na kunyamaza kwangu.

"Kumbe ulinyamaza kwa ajili yangu," akasema.

"Haikuwa yangu kuisema."

Akapindua gauni, akapiga pasi upande wa pili. "Walionipa dawa walitaka niishi. Waliotaka kuzikata hawakujua kama nipo. Labda ni watu walewale, labda mlango wao ni mmoja. Mimi siwezi kuwapangia wawe wabaya au wazuri, dada. Ninachotaka ni wajue nipo." Akazima pasi. "Ukiwaandikia wenzako, usinifiche. Nimechoka kufichwa."

Nikakumbuka nilichoulizwa Tanangozi, na nilichoshindwa kukijibu. Nikamwuliza, baada ya miaka kumi na moja, "Kliniki unapenda kwenda peke yako?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama anapenda njaa. "Nani amekuambia napenda? Alhamisi ni zamu yangu. Kama una nafasi, twende."

Alhamisi ile, Mkuu wa shule, ndiyo siku niliyoomba ruhusa bila kueleza sababu. Tulikaa benchi la tatu kutoka mlangoni. Nesi akatoka na faili, akaita "Subilaga!" kwa sauti ya kusikika na benchi zima. Mdogo wangu akainuka, akanipa mkoba wake niushike, akaingia. Mama aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Ni nani wako?"

"Mdogo wangu," nikasema, nami sikupunguza sauti. "Tumenyonya ziwa moja."

Akasogea kidogo, nikapata nafasi ya kuketi vizuri.